Mkaguzi Wangu Kutoka Buguruni

Leo nimemtembeza mkaguzi stoo nzima ya dawa, kumbe wala si mkaguzi.

Mie ndo msimamizi wa famasi kwenye hospitali ya serikali huku Temeke. Tangu asubuhi tunasubiri ukaguzi.

Akaingia baba mmoja, kachomekea, faili kwapani. Nikamwamkia, nikampitisha kila rafu.

Akavuta boksi la nyuma kabisa.
"Hili linaisha muda mwezi ujao. Mbona mmelificha?"

Nikaanza kujitetea, "Samahani mkaguzi, tulipitiwa."

"Mie nauza maziwa Buguruni," akasema. "Kinachowahi kuharibika nakiweka mbele. Sasa binti, dawa ya mama yangu ipo?"

Ipo, nikampa.

Wakaguzi wenyewe wamepiga simu, wanakuja kesho.

Haya, nichekeni. Rafu zote tumeshazipanga kama duka la maziwa.