Mstari wa Wakwe wa Sirisia

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa ghala na koti la mvua lililonizidi kimo. Ilikuwa Kitale, katikati ya miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimewasili jana yake kutoka Tabora, peke yangu, baada ya kuacha kazi ya ualimu wa jiografia niliyoifanya tangu ujana wangu. Mkuu wa Ghala, mzaliwa wa mitaa ya nyuma ya msikiti, mtu aliyemjua kila dereva wa lori pamoja na mama yake, alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Karibu, Madam. Sasa umekuja na nani?"

"Nimekuja peke yangu."

"Pekee yako? Kutoka Tanzania? Si ungekuja hata na dada mdogo akupikie chai?"

"Chai naweza kuipika mwenyewe, Bwana Mkuu."

"Haya. Lakini hii baridi ya Kitale haijui ati wewe ni mwalimu. Vaa hiyo koti."

Mkataba wangu ulikuwa wa majaribio. Nafasi yangu ya ualimu ilikwisha kujazwa, na kama shirika la misaada lililoniajiri lisingenithibitisha ningerudi Tabora bila kazi ya huku wala ya kule, nikiwa nimekaribia miaka hamsini. Jambo hilo nililala nalo na kuamka nalo, ingawa mchana sikumwonyesha mtu.

Ghalani nilijifunza misingi ambayo vijana wa leo huiachia mashine. Blanketi huja katika marobota, yaani vifurushi vikubwa vilivyobanwa na kufungwa kwa mikanda. Robota haliwekwi sakafuni. Huwekwa juu ya majukwaa ya mbao ili lisinyonye unyevu, na hupangwa kwa kupishana kama matofali ya ukuta, kwa sababu rundo lililopangwa wima huanguka. Shehena iliyoingia kwanza ndiyo hutoka kwanza. Mkuu wa Ghala alinifundisha haya akitafuna mahindi ya kuchoma, na nilipokosea alisema tu, "Madam, hiyo nyumba yako itaanguka," kisha akaniacha niibomoe na kuijenga upya.

Kutoka Kitale nilihamishiwa Bungoma, chini ya Mratibu wa Kanda. Huyu alikuwa mtu wa Nyeri, mwembamba, ambaye hata suruali zake za kwendea mashambani zilipigwa pasi. Kazi yetu ilikuwa kuzihudumia familia zilizoshuka kutoka miteremko ya Mlima Elgon kwa sababu ya machafuko. Nyingi hazikuwa kambini. Zilipokewa na jamaa zao katika vijiji vya Sirisia, nyumba moja ikibeba watu wa nyumba mbili au tatu, na kwa hiyo tuliwagawia wageni na wenyeji wao kwa pamoja.

"Mimi napenda mstari," Mratibu aliniambia. "Mstari ni mmoja, kamba ni mbili, na mtu hatoki mpaka apate kitu yake."

Mfumo huo tuliuita mstari wa kamba. Vigingi hukitwa kwa safu mbili na kufungwa kamba, zikaacha ujia wa kupita mtu mmoja na mzigo wake. Mwisho wa ujia kuna meza ya uhakiki, ambapo jina la mtu hulinganishwa na kitambulisho chake, kisha yeye mwenyewe hupokea blanketi, sufuria, dumu la maji na sabuni. Watu huitwa kijiji kwa kijiji, ili majirani wajuane na mdanganyifu asipate pa kujificha. Ulikuwa mfumo mzuri, na niliutetea katika vituo vingi baadaye.

Siku ya mgao wa kwanza, katika uwanja wa shule, kijiji cha kwanza kiliingia kwa utulivu. Kisha mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufu aligeuka nyuma, akaona alichokiona, akavua kofia, akajifunika nayo uso na kuruka kamba. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akajitanda leso kichwa kizima na kuchutama. Mbele yao mwingine akaruka, na mwingine tena, vigingi vikang'oka, walinzi wakapuliza filimbi. Kufumba na kufumbua tulikuwa na kamba chini na watu wamejificha nyuma ya madarasa. Mratibu akaamuru mzigo urudishwe kwenye malori. Mvua ya alasiri iliwakuta watu wakirudi nyumbani mikono mitupu.

"Hawa watu hawana nidhamu," alisema. "Jumatano tunarudi na askari. Na ikiharibika tena, Madam, mimi sitakuwa na kitu nzuri ya kuandikia Kitale juu yako. Unaelewa?"

"Naelewa, Bwana Mratibu."

Sikupanda gari pamoja naye. Nilimfuata liguru, ambaye ndiye mzee wa kijiji katika sehemu hizo, hadi nyumbani kwake, nikaketi mpaka chai ikamiminwa. Kisha nikamuuliza watu wake walikuwa wameogopa nini.

"Haikuwa woga, Madam. Ilikuwa heshima."

"Heshima ya kuruka kamba?"

"Sasa si uliweka Wafula mbele ya mama ya bibi yake? Kamba huku, kamba huku. Ulitaka aende wapi? Apae?"

Hapo nikaelewa. Familia nyingi zilizoshuka mlimani zilikuwa zimekimbilia kwa upande wa mke. Tulipoita kijiji kwa kijiji, tuliwaita mkwe na mama mkwe kwa mwito mmoja. Kwa desturi yao, wawili hao hawakutani uso kwa uso wala hawagusani. Anayemwona mwenzake kwanza humpisha: huchepuka, hugeuka, huingia shambani. Hata nyumba iliyowapokea wakimbizi ilikuwa imepangwa upya kwa ajili hiyo, mkwe akilala kwa jirani na kuletewa chakula huko. Watu hawa walikuwa wakipishana kila siku pasipo kelele, nasi tukaja tukawafungia njia ya kupishana.

Nilicheka hata liguru akaweka kikombe chini. Ilinibidi nimweleze kwamba kwetu Unyamwezi, kaka yangu aliwahi kujitosa katika shimo la udongo wa matofali, akiwa amevaa suti ya harusi, ili mama mkwe wake apite njia.

"Kumbe na nyinyi ni watu!" alisema liguru, akaniongezea chai.

Tulipanga hadi jioni. Yeye alipendekeza mistari miwili, wanaume kwao na wanawake kwao. Nilipinga, kwa sababu mistari yote ingekutana kwenye meza moja, na huko hata baba mkwe na mke wa mwanawe, ambao nao hupishana, wangegongana. Tukakubaliana mistari iwe pande mbili za jengo la madarasa, kila mmoja na meza yake, vigingi vibaki lakini bila kamba. Na penye lango la uwanja aketi mtu anayejua nani ni mkwe wa nani, amwelekeze kila mmoja upande wa kupita. Liguru alimtaja mara moja bibi kizee ambaye wote walimwita Kukhu, yaani nyanya. Huyo ndiye aliyeulizwa kabla ya kila uchumba, ili ithibitike kwamba vijana hawatoki ukoo mmoja.

Mratibu nilimweleza kwa simu.

"Mwanamke mzee kwa kiti? Hiyo ndiyo mpango yako?"

"Ndiyo."

"Na askari?"

"Wakae kwenye gari."

"Ni kazi yako unachezea, Madam."

"Najua, Bwana Mratibu."

Jumatano Kukhu alifika mapema, akachagua kiti mwenyewe katika chumba cha walimu, akaketi langoni na fimbo magotini.

"Wewe Wafula, ngoja hapo! Mama mkwe ako kwa meza. Angalia mlima kwanza."

Wafula akaugeukia mlima na kuutazama kama mnunuzi.

"Wewe msichana, baba mkwe anatoka. Zunguka nyuma ya choo."

"Nyuma ya choo kuna matope, Kukhu!"

"Si utapewa sabuni hapo mbele? Zunguka!"

Mistari ilisonga. Hakuna aliyeruka, hakuna aliyejifunika. Mratibu alipowasili, suruali yake imenyooka kama rula, alielekea mezani moja kwa moja. Fimbo ikamzuia kifuani.

"Simama! Wewe umeoa wapi?"

"Mimi? Nimeoa Nyeri."

"Uko na dada ameolewa huku?"

"Hapana, mama."

"Basi pita popote. Hapa hakuna mtu anakuogopa."

Uwanja mzima ulicheka. Mratibu naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo, kama mtu aliyesoma sentensi mara mbili ndipo akaielewa. Malori yalikuwa matupu kabla mvua haijaanza. Aliniita kando.

"Nitaandikia Kitale leo. Ubaki. Lakini sasa nitaandika nini? Siwezi andika ati tuliweka nyanya kwa kiti."

"Andika msimamizi wa mapishano."

Akaandika hivyo hivyo. Baadaye, tulipokwenda Cheptais na Malakisi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza, "Kiti ya msimamizi iko wapi?"

Nilithibitishwa, na kazi hiyo ikanichukua hadi nchi nyingine ambazo sikuzitarajia, mpaka umri wa kustaafu uliponirudisha Tabora. Vijana wanaojiandaa kwenda kufanya kazi ugenini hunijia kuuliza nilivyouvumilia upweke. Huwaambia kwamba nilikwenda nikiwa tayari kuwa mgeni katika kila jambo, na kwamba matayarisho hayo yalikaribia kuniponza: sikuwauliza watu lile ambalo nyumbani ningeliuliza kwanza. Anayekwenda kwa watu aanze kwa kuuliza wao hupishanaje.

Mwezi uliopita mume wa binti yangu alijitolea kunipeleka hospitali kwa gari lake. Yeye ni mhandisi, mtu wa kisasa kabisa. Alishika usukani macho yakiwa barabarani, mimi nikaketi nyuma nimegeukia dirisha, na binti yangu kiti cha mbele.

"Mwambie mume wako apunguze mwendo," nilisema.

"Mama anasema upunguze mwendo."

"Mwambie mama nimesikia," mkwe akajibu.

"Anasema amesikia."

Gari likapunguza mwendo, tukafika salama.