Kopo la Nyama Lililoishia Uwanja wa Ndege

Mama yangu hagombani na mtoto aliyemkosea. Anampakulia kama wengine, anamwombea kama wengine, ila kile kipande cha mkia wa kondoo, mafuta matupu, ambacho huzika chini kabisa ya nyama kavu, hampi. Siku ukikikuta chini ya chombo chako, ujue yameisha, na hakuna haja ya kuombana radhi.

Kaka yangu hakuwa amekipata tangu baba azikwe. Yuko Ulaya mwaka wa kumi na mbili sasa, na siku ya mazishi hakuja, alituma ujumbe wa simu. Tangu hapo kila alipopiga, mama alikuwa kanisani, au sokoni, au amelala.

Basi ofisi yangu hapa Kakuma ikanipeleka mafunzo ya wiki mbili katika mji huohuo anaoishi kaka. Nilishuka Lodwar kuaga, nikamkuta mama amekwisha kuchinja. Nyama ilikuwa imeanikwa kwenye kamba, vipande vyembamba. Akaikata ndogondogo, akaikaanga kwa samli, akaishindilia kwenye kopo na kumwagia samli juu hadi ikafunika. Mfuniko akauzungushia utepe wa gundi, nusu roli nzima. Nilimtania kwamba hata kaka mwenyewe hataweza kulifungua. Hakucheka. Aliniambia nimwambie ale mpaka chini.

Ningesikiliza vizuri ningeelewa. Lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye mizani ya ile ndege ndogo ya Lodwar. Nilitoa jozi mbili za viatu ili uzito usizidi, nikalifunga kopo ndani ya sweta, katikati ya begi kubwa, na safari nzima nikawa naomba samli isiyeyuke juu ya nguo zangu za mkutano.

Haikuyeyuka. Nilipochukua begi kwenye uwanja wa ndege wa kule Ulaya, afisa mmoja wa forodha, mwanamke, akanisimamisha na kuniuliza kama nina chakula chochote. Sasa, mimi nimelelewa Turkana. Mtu akikuuliza kama una chakula hukatai, unampa. Nikamwambia ninayo nyama, nikafungua begi, na Mungu anisamehe ujinga wangu, nikamkaribisha aonje. Alitabasamu, akaniambia nyama kutoka nje hairuhusiwi kuingia, akavaa glavu, akalitupa kopo ndani ya pipa la bluu. Sauti ya lile kopo kugonga pipa ninayo mpaka leo.

Kaka alikuwa akinisubiri nje. Nilipomweleza, akasema tusimwambie mama, itamuuma bure. Nilikubali haraka, na hiyo ndiyo sehemu ninayoijutia. Nilijiona nina huruma, kumbe nilikuwa naogopa tu kuonekana nimeshindwa kubeba kopo moja.

Jumapili tukampigia mama kwa simu ya jirani yake. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mama alikuja kwenye simu. Alimsalimia kaka vizuri, akamuuliza kama nyama ilifika. Kaka akasema ilifika, tamu ajabu. Angeishia hapo! Lakini alitaka kumfurahisha, akaongeza kwamba aliwagawia wenzake kazini, na wote wamemsifu mpishi.

"Yote?" mama akauliza.

"Yote, mama."

"Hata ya chini?"

"Hata ya chini. Hakikubaki kitu."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa ndani ya lile kopo. Nilikuwa nimekaa kando yake kabisa. Ningeweza kunyoosha mkono tu nikaichukua simu. Kaka alikuwa anatabasamu, amesahau desturi za nyumbani kwetu, na mimi sikuunyoosha. Mama akasema sawa, akamrudishia jirani simu yake.

Niliporudi nilipitia Lodwar kabla ya kwenda Kakuma. Mama alikuwa akipepeta mahindi mbele ya nyumba. Nikamweleza kila kitu bila kuficha: yule afisa, zile glavu, lile pipa, na kwamba uongo tuliupanga wawili, kaka hakuliona kopo hata kwa macho. Nililia nikieleza. Nikamwambia mwanawe hakuugawa msamaha wake kwa wageni, hakujua kama ulikuwepo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo ukiwa umetulia mapajani.

"Juzi mlisema amekula," akasema. "Leo unasema hakula."

Nikamwambia juzi tulidanganya.

"Najua unampenda ndugu yako," akasema taratibu, bila hasira yoyote. "Lakini mwanangu, ukitaka kumtetea, tafuta jambo ambalo mtu anaweza kuliamini. Ni nani huyo, mwenye akili zake, anayeshika nyama mkononi akaitupa?"

Akaanza tena kupepeta.