Kipande cha Kable Kilichoungua

Nimefundisha umeme miaka mingi, tangu nikiwa asistanti hadi nikawa profesa, na nimefukuza wanafunzi darasani kwa kosa dogo la hesabu. Nina hasira, sifichi. Lakini siku niliyokosa kuliko hao wote, hesabu yangu ilikuwa sahihi.

Ilikuwa mtaani kwetu, Ruashi, saa tisa mchana. Avenue yetu, yaani nyumba zote za barabara yetu, ilikuwa imekaa siku nne bila umeme kwa sababu kable inayotoka kwenye kabini ya transfoma ilikuwa imeungua. Nilirudi kutoka chuoni nikakuta friji inanguruma. Nikafurahi, nikavua viatu, nikabandika maji ya chai. Sikuuliza ni nani aliyerudisha umeme. Wiki ile nilikuwa nimetetea tezi yangu, ile tasnifu ya udaktari, na majirani walishaanza kuniita Prof. Niseme ukweli tu, jina lile lilinilevya.

Mara geti likapigwa teke. Watu kama thelathini walikuwa wanamkokota mwanaume mmoja aliyevaa ovaroli, damu inamtoka puani, mikono imefungwa kwa mkanda wake mwenyewe. Jirani yangu muuza makaa akanitupia kipande cha kable miguuni.

"Prof, tulimukamata nayo kwa barabara. Angalia muzuri. Iko ya kwetu?"

Kable ya avenue niliichagua mimi mwenyewe dukani, ningeitambua hata gizani. Lakini wapi, mimi ni msomi bwana. Nikaingia ndani kuchukua kipimo changu, nikakwangua plastiki, nikahesabu nyuzi za shaba, nikapima unene wake mbele yao. Yule mwanaume akafungua kinywa aseme kitu. Nikamwinulia kidole anyamaze, vile ninavyowafanyia wanafunzi.

"Iko ya kwetu," nikasema.

Tofali la kwanza lilimpata kwenye taya, na mlio wa mfupa niliusikia mimi niliyesimama karibu. Wakamwangusha, wakampiga kwa mipini ya majembe. Wakaukanyaga mkono wake wa kulia hadi vidole vikalala upande usio wake, wakisema ndio mkono unaotuweka gizani. Mama mmoja, ambaye Jumapili hunisalimia kwa adabu zote, akaleta tairi. Nilipaza sauti kwamba sikusema ameiba. Nani anisikie? Nikajitupa katikati, nikapigwa ubavuni, nikaanguka juu yake, na petroli ikatumwagikia sisi wote wawili.

Pale chini kile kipande kilikuwa karibu na uso wangu. Ncha yake moja ilikuwa nyeusi, imeyeyuka. Mwizi gani anaiba kable iliyoungua? Kwetu fundi akibadilisha kable, kipande kibovu kinakuwa chake, anaondoka nacho mchana kweupe. Avenue nzima inajua. Hata mimi nilijua, ila nilikuwa nahesabu nyuzi.

Mama anayeongoza avenue yetu akafika mbio kutoka sokoni, kanga imemfunguka.

"Mumuache! Ni fundi wangu. Mimi njo nilimuita asubui, alitutengenezea courant, umeme ya avenue yote."

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, hakuna aliyemwangalia mwenzake. Mwenye tairi alilibeba, akarudi nalo kwake.

Fundi alipona, mkono wake haukupona. Hawezi tena kupanda nguzo. Nilipopewa uprofesa nilimwombea kazi ya kutunza vifaa kwenye maabara yetu, na nilidhani hiyo ingenitosha kulala vizuri. Haikunitosha. Muda mrefu nilipita mbele yake nikijifanya nasoma karatasi, kwa aibu. Siku moja, wanafunzi wakiwa wanajipanga mezani, nikamwendea.

"Unisamehe, ndugu yangu. Siku ile nilipima vibaya."

Akatikisa kichwa, bila hasira yoyote, na mimi ningependa awe nayo.

"Ulipima muzuri, Prof. Kable uliiuliza. Mimi haukuniuliza."

Kisha akanipa kipimo kwa mkono wa kushoto, maana wanafunzi walikuwa wanangoja.