Mtu wa Mia wa Kibanda cha Zakaria

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja niliamini, kama ninavyoamini leo kwamba moto unaunguza, kuwa ukiua watu mia moja kwenye gemu, yule wa mia huwa ni mtu wa nyumbani kwenu. Wale tisini na tisa ni picha tu. Wanaanguka, wanatoa damu, wanafutika kwenye kioo. Wa mia hafutiki. Anaanguka kule kwenye televisheni, na papo hapo mtu mwenye damu yako anaanguka mahali alipo, awe shambani, awe kanisani katikati ya wimbo wa kwaya. Habari hiyo aliileta rafiki yangu Kimu, ambaye aliipata kwa binamu yake wa Same mjini. Na kwetu Mamba, juu milimani Upare, neno lililotoka Same mjini halikudaiwa ushahidi. Lilikuwa limeshapanda kona zote zile na vumbi lote lile. Lingekuwa uongo, lingetapika njiani.

Kibanda chenyewe kilikuwa ghala la zamani la tangawizi, mabati juu, mabati ubavuni, na harufu ya tangawizi ilikuwa imeingia hata kwenye misumari. Juu ya harufu hiyo weka jasho la watoto ishirini na joto la mashine iliyokuwa ikinguruma kama paka mgonjwa. Mpaka leo mke wangu akiponda tangawizi ya chai, mimi nasikia bunduki. Mwenye kibanda alikuwa Kaka Zakaria, kijana aliyeondoka kijijini na jembe akarudi na mfuko wa mbolea uliobeba televisheni, mashine ya gemu na pedi mbili za kuchezea. Umeme ulikuwa umefika mwaka mmoja kabla yake, na nadhani wahandisi walipopandisha nguzo zile mlimani hawakujua wanampandishia nani.

Tulikuwa na gemu mbili. Moja ya kupigana, ambayo ukishinda unaruhusiwa kumng'oa mwenzako uti wa mgongo na kuuinua juu kama mkungu wa ndizi. Nyingine ya bunduki, unapita kwenye korido za nyumba moja ndefu isiyo na mwisho, na kila mlango una mtu wa kukufyatulia kabla hujamfyatulia. Damu iliyomwagika kwenye ghala lile ingejaza mabwawa mawili na kumwagilia mahindi mpaka tambarare. Tukitoka nje tuliendelea pale tulipoishia. Tulichapana kwa vijiti vya mti wa kahawa, tukatupiana mawe, tukakabana shingo mpaka macho yakatoka kama ya chura. Mvulana mmoja alipasuliwa juu ya jicho kwa kigae, na badala ya kumfuta damu tulisimama tukiitazama inavyoshuka, tukibishana kama ya kwenye gemu ni nyekundu zaidi. Mwalimu alituuliza tumepatwa na nini. Tukasema tumeanguka. Wiki hiyo watoto wa Mamba walianguka kuliko maembe.

Baba alinikataza mara moja tu. "Yosia, kwa Zakaria usiende." Nikasema, "Sawa, baba," naye akaendelea kula makande yake. Hakuwa mtu wa fimbo wala wa kurudia neno. Kijiji kilimjua kama msimamizi wa ndiva yetu, lile bwawa la mawe na udongo walilojenga mababu, ambalo maji ya kijito hujikusanya humo usiku na asubuhi hufunguliwa yakaenda mashambani kwa zamu. Kwenye zamu za maji baba alikuwa mkali kama wembe. Babu wa miaka themanini akifungua mfereji nusu saa mapema alirudishwa nyuma kama mtoto. Ila kwangu mimi alidhani neno moja limetosha.

Basi nikaenda, na nikawa nahesabu. Kila mtu niliyemuua nilimkatia alama kwa kisu kwenye mpini wa jembe la zamani, kwa sababu nilikuwa na mpango wa kiungwana kabisa: nitaua tisini na tisa, kisha nistaafu. Siku moja baba aliligeuzageuza jembe lile mikononi. "Unahesabu nini hapa?"

"Siku, baba."

"Siku za nini?"

"Za kufunga shule."

Aliliegemeza ukutani, akatoka.

Jumamosi moja, baada ya mvua ya siku mbili, pembe ilipulizwa ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kwenda kuzoa tope ndani ya ndiva. Juu ya ndiva yetu kuna genge lenye mawe, na mvua ikinyesha mawe yale hulegea. Kwa hiyo kuna desturi: mtoto mwenye macho mazuri huketi juu kwenye mwamba na debe bovu, na akiona jiwe linatikisika analipiga debe, watu wote wanaruka nje. Siku hiyo mwenye debe nilikuwa mimi. Niliketi. Nikatazama mawe, mawe yakanitazama. Chini watu walikuwa bado wananoa makoleo na kutaniana. Nikawaza, kabla hawajaanza nitakuwa nimeshakwenda kwa Zakaria na kurudi. Nilikuwa na alama tisini na tisa na sikwenda kuua, nilikwenda kutazama tu.

Kimu akanipa pedi nimshikie afunge kamba ya kiatu. Ndivyo ilivyokuwa, kamba ya kiatu. Mlango wa korido ukafunguka, mtu akachomoka na panga, na kidole changu hakikuniuliza. Risasi ikampata usoni, kichwa kikafunguka kama papai lililodondoka, na Kimu akainuka taratibu akaniangalia.

"Huyo ni wa ngapi?"

Hapohapo kutoka upande wa ndiva tukasikia ukelele, kisha kelele za watu wengi.

Nilimkuta baba amelala kwenye tope. Jiwe lilikuwa limempiga mguu wa kushoto chini ya goti, na mfupa ulikuwa umetoka nje, mweupe, mwembamba kuliko nilivyofikiria mfupa wa baba ungekuwa. Damu yake haikuwa nyekundu kama ya kwenye gemu. Ilikuwa nyeusi na ilikuwa inachanganyika na tope. Wanaume wanne walikata miti wakafunga machela kwa kanga, wakamshusha mbiombio kwenda hospitali ya Gonja, na kila walipojikwaa baba alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu. Mama alikimbia nyuma yao bila viatu. Hakuna aliyeniuliza debe liko wapi.

Kwa hesabu yangu baba alikuwa ameshakufa, ila kifo kilikuwa kinapanda mlima polepole. Kimu, ambaye alikuwa na akili ya wakili, ndiye aliyepata njia. "Ukiua mia anakufa wa kwenu," akasema. "Basi wewe ukiuawa mara mia, anarudi." Mpare halisi hashindwi kesi kwa kukosa hoja. Jumatatu mchana tukaingia kibandani, mimi nikasimama katikati ya korido mikono chini, Kimu akaanza kuniua. Aliniua kwa bunduki, kwa panga, kwa kuninyonga, kwa kunitupa kutoka ghorofani. Niliona kifua changu kikichanwa nikahesabu saba. Niliona kichwa changu kikibiringika ngazini nikahesabu thelathini na moja. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nayameza yasimharibie Kimu shabaha.

Tulipoingia hatukujua kwamba nje, hatua ishirini kutoka mlangoni, mkutano wa kijiji ulikuwa umeitishwa kuamua juu ya kibanda hichohicho. Yule mvulana aliyepasuliwa juu ya jicho, mama yake alikuwa amefika kwa mwenyekiti. Tulisikia kila neno kupitia kwenye mabati. Mzee mmoja alitaka sheria ndogo ya kijiji: mtoto akikutwa mle, faini, mwenye kibanda akikutwa na mtoto, kifungo. Mama mmoja akamkatiza. "Sheria ndiyo ilinyonyesha? Mtoto ni wangu, nitamzuia mimi."

"Umemzuia lini, mama, na sasa hivi yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

Mwanawe alikuwa amekaa karibu yangu, akitafuna muwa.

Zakaria alijitetea kwamba ameandika mlangoni, watoto hawaruhusiwi. Mtu akamwambia ameandika kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi. Mwalimu akasema mchelea mwana kulia hulia yeye, wazazi wachukue nafasi yao; mzee wa sheria ndogo akasema hasa, mchelea mwana kulia hulia yeye, ndiyo maana sheria ichukue nafasi ya mzazi anayechelea. Methali moja ilitumika pande zote mbili kama koleo la kuazima. Sisi Wapare ndio watu wanaosemwa kwamba tunaweza kuuza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku, na siku hiyo kesi ilikuwa nzuri kuliko kuku. Mwisho wakapiga kura kwa mikono. Kibanda kifungwe, na kifungwe sasa.

Nilikuwa nimekufa mara tisini na sita.

Mtendaji wa kijiji aliingia na kuelekea kwenye waya wa ukutani. Shikamoo sikumpa. Nilimrukia nikamng'ata mkono, nikaonja damu ya chumvi, ya kweli. Alinitikisa kama mbwa anavyotikisa panya, nikagonga bati, nikarudi nikamng'ata tena. "Bado nne," nilikuwa nalia, "niacheni nife mara nne tu." Watu wazima walisimama mlangoni wamepigwa na butwaa, na Zakaria mwenyewe, Mungu ambariki, akachomoa waya ili yaishe. Kioo kikawa cheusi. Ninasema mbele ya msomaji kwamba hakuna sheria iliyowahi kuchukiwa duniani kama nilivyoichukia ile.

Nikamvuta Kimu nyuma ya ghala. "Nipige mara nne." Hakutaka. Nikamtukana mama yake, akataka. Aliokota mpini wa jembe. Mpigo wa kwanza ulinipata begani, wa pili mbavuni nikashindwa kupumua, wa tatu kwenye paja. Wa nne alifumba macho akarusha, ukanipata mdomoni, na jino langu la mbele likaingia kwenye majani ambako liko mpaka sasa. Tulikaa chini wote wawili. Kimu alikuwa anatapika, mimi natema damu na kucheka, kwa sababu hesabu ilikuwa imetimia.

Na baba akarudi. Baada ya wiki nyingi alishuka kwenye pikipiki akiwa na magongo mawili na mguu uliopinda kidogo kuelekea nje, akanitazama pengo, akasema tu, "Na wewe umevunjika?" Nilimkumbatia mguu ule mbovu mpaka akaniomba nimwachie. Tangu siku hiyo nilitembea nikijua siri kubwa kuliko mlima wa Shengena: nimemuua baba yangu na nimemfufua, kwa jino moja tu.

Nimekua na imani hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Hata nilipomalizia kidato cha nne kwenye masomo ya jioni kule Same, mimi na ndevu zangu, tulipewa mdahalo wa sheria na wazazi, nani amzuie mtoto gemu za kuuana, nami nilisimama upande wa wazazi nikanguruma kwa nusu saa, kwa sababu sheria iliwahi kunikatia waya nikiwa na tisini na sita. Nikashangiliwa. Siku hizi shangwe zile zimenipungua nguvu. Kibanda cha Zakaria kilikuwa na mlango mmoja, na ukitaka kujua nani yumo unachungulia. Mwanangu wa miaka kumi anacho kibanda ndani ya mfuko wa kaptula, kina picha zilizo safi kiasi kwamba damu inang'aa, na mtendaji hajui pa kuchomoa. Nimemwambia aache. Nimemwambia mara moja, akasema sawa, baba, nikaendelea kula.

Krismasi iliyopita tulipanda Mamba. Baada ya chakula mtoto alikuwa kwenye kona anaua watu, nami nikaona ndiyo nafasi ya kutoa ile hadithi ya mtu wa mia, nikaitoa yote, na mwendo na sauti, nikaonyesha pengo, watu wakashika mbavu. Mtoto hakuinua macho. Baba naye alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaunyoosha mguu wake mbovu juani, akausugua pale mfupa ulipotokea, akangoja kelele zishuke.

"Yosia mwanangu," akasema, "lile jiwe halikusukumwa na gemu. Lilisukumwa na mvua. Wewe ulitakiwa uwe juu upige debe, hukuwepo."

Nilimtazama mtoto kwenye kona.

"Na kabla sijaingia nilitazama juu," akasema. "Nililiona debe liko peke yake. Nilijua uko wapi, alama zako kwenye mpini nilizijua zamani. Niliona haya kuwaambia watu kwamba mwanangu yuko kwa Zakaria, nikaingia hivyohivyo."