Mlango wa Ukutani katika Jumba la Mkonge

Ofisi yetu huchora ramani za majengo, na tulitaka kuona jinsi nyumba ya kale inavyoweza kugeuzwa bila kubomolewa. Kwa kuwa mimi ni Mtaita, nilitumwa niwapeleke wenzangu wawili, Njeri na Otieno, kwenye jumba la mlowezi lililogeuzwa baa, upande wa Salaita.

Asubuhi tuliondoka Voi kwa gari la ofisi. Tulipopita Bura barabara ilinyooka nyikani, na kabla ya adhuhuri tukaliona jumba juu ya kilima, limezungukwa na mkonge ambao hauvunwi tena na mtu.

Barazani meneja alitupokea na kututembeza. Kuta ni za mawe, nene kiasi cha mtu kuketi dirishani. Matao ya baraza yanautazama Kilimanjaro, na chumba alimokuwa akila mlowezi sasa kina kaunta. Kilichonivutia zaidi ni mlango mwembamba uliopakwa rangi ya ukuta. Nyuma yake kuna ujia wa kwenda jikoni, ili mtumishi atokee bila kuonekana akipita. Niliwaambia wenzangu kwamba huo ni ufundi wa hali ya juu.

Tulipokuwa tumeketi, mlango ule ukafunguka. Akatoka mzee aliyevaa kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu, kama watumishi wa enzi za ukoloni, amebeba sinia ya bia. Alikuwa baba yangu, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa kule Mwanda. Nyumbani alituambia anasimamia shamba la ndizi Taveta.

Glasi ziligongana. Alinitazama, kisha akainamisha macho.

"Karibuni, wageni," akasema.

"Asante, mzee," nikajibu.

Otieno aliomba kupiga picha naye. Mimi ndiye niliyeshika simu.

Kabla ya kuondoka nilipita ule ujia hadi jikoni. Alikuwa ameketi juu ya kreti, tarbushi magotini. Nilimwomba twende nyumbani. Akasema zamu yake haijaisha, halafu akauliza kama wenzangu wamekula vizuri. Nikasema ndiyo.

"Basi nenda, mwanangu. Usiwacheleweshe."

Njiani Njeri alisema yule mzee amefunzwa adabu kwelikweli. Nilitazama nje. Nilikuwa nimeusifu ukuta unaomficha mtu, na nilipotakiwa kumtambua huyo mtu, nikawa ukuta mwenyewe.

"Yule ni baba yangu," nikasema hatimaye.

Tulikuwa tumeshafika Mwatate, na baba hakuwepo kunisikia.