Boti ya Zimamoto Isiyoruhusiwa Kulala Gatini

Saa kumi na mbili jioni inakaribia. Kwenye gati dogo la zimamoto, dereva wa boti ya uokoaji anafungua kamba na kuipeleka boti asikotaka iende: yadi ya mbao, ng'ambo ya pili, mwendo wa dakika ishirini na tano. Ataiacha huko, arudi kwa pikipiki kupitia darajani.

Kanuni za mji zinasema gati hilo limo ndani ya eneo la makazi, na chombo chenye injini hakiruhusiwi kulala hapo. Ukimuuliza nani alitunga kanuni ya ajabu namna hiyo, anainamisha kichwa.

"Tuliiomba wenyewe," anasema. "Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba na karatasi."

Wenzake humwita Nanga, kwa utani kwamba akishakaa mahali hang'oki. Miaka saba iliyopita alikuwa fundi wa injini, amepanga chumba nyuma ya gati, ana mtoto mchanga. Kila alfajiri zimamoto walijaribu pampu ya boti, mtoto akaamka akilia. Basi akakusanya sahihi sitini na tatu, na baraza la mji likakubali.

Mwaka uliofuata zimamoto wakatafuta dereva wa boti. Akaomba, akapata. "Aibu nilikuwa nayo, ila aibu haijazi tumbo."

Mwaka jana moto uliwaka usiku kwenye nyumba za ukingoni, ambako gari la zimamoto halipiti. Askari walikuwa tayari, boti iko ng'ambo. Walifika baada ya dakika arobaini na nane. Nyumba nne zilikuwa zimeteketea, na bibi mmoja msuka vikapu alikuwa ameungua mikono yote miwili. Hasuki tena.

Bibi huyo kila akikutana naye humshukuru: "Mwanangu, Mungu akuweke. Ulitukimbilia."

"Angenitukana ningepata usingizi," anasema Nanga. "Ile shukrani inanimaliza."

Jumanne baraza litasikiliza maoni kuhusu kuibadilisha kanuni. Mkuu wa kituo amemtaka ataje dakika za kuchelewa tu. "Ukijivua nguo mbele za watu, nani atakufunika?" alimwambia.

Lakini juzi Nanga alikwenda kwa bibi akamweleza yote. Bibi hakushtuka.

"Najua. Si ulikuja kwangu nikaweka dole gumba?" alisema. "Nikakuuliza, je, moto ukitokea usiku? Ukacheka. Ukaniambia, bibi, moto utoke wapi na sisi tunaishi majini?"

Alikuwa amesahau kabisa. Anaponisimulia hili ameugeukia ukuta.

Jumanne, anasema, ataanza na swali la bibi, kisha jibu lake mwenyewe, neno kwa neno. Dakika zitafuata. Bibi ameahidi kuja na kukaa mbele.

"Nimemwomba kitu kimoja tu," anasema Nanga. "Asinitetee."