Senti ya Chini ya Mlamula

Nilipokuwa mtoto kule Kamachumu, Bibi alitukataza kufukua chuma chochote kibanjani. Ukikuta kipande kimechomoza kwenye shina la mgomba, unakifukia na kuendelea na palizi.

"Chuma kilicholala kisiamshwe," alisema. "Atakayekiamsha hatalala hapa."

Kwa Mhaya hilo si neno dogo. Kutolala hapo ni kutozikwa kwenye kibanja cha baba zako.

Baba mdogo Mutalemwa, kitinda mimba wake, alicheka tu. Alikuwa ameaminishwa, kama vijana wengi wa Muleba, kwamba Wajerumani walipokimbia waliacha mali ardhini. Siku moja akaleta wanaume wawili wenye mashine ya kutafutia vyuma, kitu kama sahani kwenye mpini mrefu. Asubuhi nzima wakaipitisha kati ya mibuni, na kila ilipolia walichimba. Walipata misumari, jembe lililoliwa na kutu, na donge jeusi zito ambalo mmoja wao aliapa kuwa ni dhahabu iliyofichwa kwa dawa. Lilikuwa taka la wafua chuma wa kale, na madonge kama hayo yamejaa tele huku kwetu.

Kisha ikalia chini ya mlamula. Mmea huo tunaupanda mipakani na makaburini, lakini huu ulisimama peke yake katikati ya kibanja, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Bibi akatoka jikoni, mikono imejaa utomvu wa ndizi.

"Hapo hapana, Mutalemwa. Waitu, nakusihi, hapo hapana."

"Kuna nini hapo, Mama?"

Bibi akarudia lilelile tu: hapo hapana. Baba mdogo akachimba. Ikatoka sarafu moja ya kijani kwa kutu, yenye tundu katikati.

"Rupia ya Mjerumani!" akapiga kelele, akaondoka nayo kwenda Bukoba mjini siku hiyohiyo.

Alirudi jioni amenuna. Mzee mmoja fundi saa alikuwa ameisugua kwa limau na kuisoma: senti kumi ya Mwingereza, haina maana yoyote.

"Iko wapi?" Bibi akauliza.

"Nimeitupa njiani, kule Hamugembe mjini."

Bibi akakaa chini palepale mlangoni. Ndipo akasema. Kabla ya Mutalemwa alizaa binti aliyefariki hata meno hayajaota. Ile senti alimfungia kiunoni kwa uzi, imkinge na jicho baya, na akazikwa nayo palepale chini ya mlamula; udongo ulishamla, ikabaki senti. Bibi aliamini kwamba ukimtaja mtoto aliyekufa mbele ya aliyemfuata kuzaliwa, naye ataitwa na mauti.

"Nilinyamaza ili wewe uishi," alimwambia. "Nawe umemvua dada yako."

Kesho yake alfajiri Baba mdogo alikwenda Hamugembe. Hakuiona. Akarudi tena, na tena, mwishowe akapanga chumba hukohuko. Madereva wa bodaboda walimjua kama yule anayetembea akitazama chini.

Bibi akafariki. Mwaka jana Baba mdogo naye akafa, ukoo ukakaa kuamua azikwe wapi. Mzee mmoja akakumbusha maneno ya Bibi, wengine wakatikisa vichwa wakikubali. Nikasimama.

"Yalikuwa maneno ya uchungu wa mama. Angekuwepo leo angemchimbia kaburi kwa mikono yake."

"Wewe umeolewa kwingine," nikajibiwa. "Kaa chini."

Tukamzika makaburi ya mjini, kati ya watu asiowajua.

Sasa watoto wa Kamachumu wanasimuliwa jinsi onyo la Bibi lilivyotimia, na wanaogopa kama nilivyoogopa mimi. Nikisikia, damu inanichemka. Lilitimia, ndiyo, lakini ardhi haikufanya kitu. Walikaa watu wazima, wakanywa rubisi, wakalitimiza kwa midomo yao, halafu wakasema ni laana.

Bibi amelala chini ya mlamula ule na binti yake asiye na senti. Mwana aliyemficha siri ili aishi, tumemnyima kulala kando yake.